Steringi Anakunywa Maziwa

Mwenye banda la video aliuliza kimoja tu: "Ina utekaji?" Nikamjibu ina utekaji, dola milioni moja za kukomboa, na kidole cha mguu kilichokatwa. Akatoka mlangoni kunadi: "Picha la utekaji! Kidole kinakatwa!" Yote kweli. The Big Lebowski, kazi ya ndugu wawili Coen ya mwaka 1998, ina hayo yote. Ila aliyelipa kiingilio kwa hamu ya ngumi ana kazi.

Nikashika kipaza sauti kutafsiri. Jeff Bridges, ndiye steringi, anaingia dukani usiku kavaa joho la kuogea, anafungua pakiti ya maziwa, ananusa, kisha analipa kwa hundi ya benki. Senti 69. Kijana wa nyuma akapaza sauti: "DJ, jambazi yuko wapi?"

Majambazi walikuwa njiani. Wawili wanamvamia kwake, wanamzamisha kichwa chooni wakidai deni, kumbe wanayemtaka ni tajiri mwenye jina kama lake. Mmoja anakojolea zulia. Na mtu wetu halilii kichwa, analilia zulia! Utamu wote uko hapo: matajiri, wahuni na pesa za kukomboa vinamwangukia kwa sababu alikwenda kwa tajiri huyo kudai zulia lake. Asiyelishika hilo zulia mapema, dakika 117 atazikaa anasubiri basi lisilopita njia hiyo.

Cheko la kwanza lilitoka kwa mafundi seremala. Steringi anapigilia kipande cha ubao sakafuni, anaegemeza kiti, mlango usisukumwe. Mafundi wakaanza kushikana mabega kabla ya wengine wote. Walishaona: mlango unafungukia nje.

Halafu ikaja ndoto. Ametiliwa dawa kwenye kinywaji chake (vodka, pombe ya kahawa na krimu, banda zima liliapa ni maziwa), anazimia, wimbo unaanza, kabati la viatu linapanda mpaka mwezini, na kwenye kaunta kasimama Saddam Hussein, anampa viatu vya kuchezea boling, ule mchezo wa kuvingirisha tufe kuangusha pini.

Banda likanyamaza. Kisha: "Diski imeruka!" "Umechanganya na taarifa ya habari!"

Mwenye banda akaitoa diski, akaipulizia, akaifuta kwa pindo la shati kutoka katikati kwenda ukingoni. Hakuifuta kwa kuzungusha. Anajua kuwa mkwaruzo unaofuata duara ndio unaoua diski. Akairudisha. Saddam, viatu. Akafungua deki, akagusa lenzi kwa pamba yenye spiriti kidogo, akasubiri ikauke. Saddam, viatu vilevile. Akaanza kukagua waya wa nyuma ya TV.

Mzee wa benchi la mbele, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mwanzo, akasema: "Baba, mwache Saddam amalize kugawa viatu."

Katikati ya vicheko nikaeleza: kisa ni cha 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, Marekani na Iraki ya Saddam, na kule dukani TV ilikuwa ikimwonyesha Bush mkubwa akiongelea Kuwait. Boling ndiyo starehe ya steringi na rafiki zake tangu mwanzo. Hata mikasi mikubwa inayomkimbiza ndotoni ni ya wale waliotishia kumhasi. Vituko vyote vimeokotwa mlemle ndani ya picha, ndiyo maana vinachekesha. Ziko picha zinazorusha vituko ovyo, na hizo huchosha upesi.

Yule kijana hakuridhika. Pesa za kukomboa hazikuwamo mkobani, aliyetekwa hakutekwa, sasa adui nani? Walimzomea.

Mwishoni rafiki yao mmoja anakufa kwa moyo. Chombo cha majivu ni dola 180, wenzake wanaona ghali, majivu yanatiwa kwenye kopo la kahawa. Wako kwenye jabali juu ya bahari, hotuba ndefu, upepo unavuma kuelekea kwao, kopo linafunguliwa, na majivu yote yanamrudia steringi kwenye ndevu na miwani. Nusu ya banda walicheka, nusu wakasema shii, maiti huyo. Wavuvi wawili wakasimama kwenye benchi wakipiga kelele: "Mnamwaga joshini, upepo unakotoka! Demani, bwana, demani!"