Hiyo video ya mlima, itoeni theluji kwanza

Kuna kitu kinaniudhi sana. Eneo la skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, likitaka kupanuka, yaani kukata njia mpya ya kutelezea msituni au kusimika lifti nyingine ya kupandisha watu mlimani, linakuja kwenye mkutano wa wananchi na video ya 3D, jua linawaka, anga bluu, theluji imejaa mpaka kwenye matawi ya miti na kamera inapaa kama tai. Watu wanapiga makofi, hakuna hata mmoja anayeuliza hapo ni mwezi gani.

Alafu ufungue picha za setilaiti za milima ya namna hiyo, utakuta habari nyingine kabisa. Milima ya Alps kule Ulaya kwenye majira ya baridi yasiyo na baridi unaona msitu na majani makavu, katikati mistari myembamba myeupe kama mtu kamwaga rangi akakimbia, na hiyo ni theluji ya mashine, inayotengenezwa kwa maji. Yanqing, kule China kwenye Olimpiki ya 2022, ilikuwa hivyohivyo, milima ya kahawia na njia nyeupe zimejichora juu yake, theluji karibu yote imetengenezwa.

Na setilaiti haidanganyiki kirahisi. Wengi wanadhani inaona weupe tu, sasa si ingechanganya na mawingu? Ujanja ni kwamba theluji inarudisha sana mwanga wa kawaida tunaouona, ila ukiingia kwenye infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, inaumeza na kuonekana nyeusi, wakati mawingu mengi bado yanang'aa. Unalinganisha hivyo viwili, pikseli kwa pikseli, yaani kila kadoa kadogo ka picha, unapata ramani ya theluji. Landsat, setilaiti za Marekani, ziko juu tangu 1972 na picha zake ni bure tangu 2008, Sentinel-2 ya Ulaya imeanza 2015 na pikseli zake nzuri zaidi ni za mita 10.

Ila tusidanganyane, mita 10 kwa njia yenye upana wa mita 40 ni pikseli nne tu kwa upana, na hapo hujahesabu vivuli vya miti na ile miteremko inayokaa gizani kipindi chote cha baridi kwa sababu jua liko chini. Setilaiti itakwambia theluji ipo au haipo, kina chake haikwambii.

Kina unapata kwa leza, miale ya mwanga inayopima urefu wa ardhi. Unapima mlima kiangazi ukiwa mtupu, unapima tena ukiwa na theluji, unatoa moja kwa nyingine, basi. Siku hizi hata yale matrekta ya kusawazisha theluji usiku yanafanya hiyo hesabu yakitembea, GPS yake inajua liko kwenye urefu gani, kompyuta ina ramani ya ardhi iliyo chini, dereva anaona kwenye skrini kwamba hapa nina sentimita 80, pale 15, akikosea ni kwa sentimita chache. Usione kama ni mchezo. Mita moja ya ujazo ya maji inatoa kama mita 2 hadi 2.5 za ujazo za theluji ya mashine, kwa hiyo sentimita 10 za ziada kwenye hekta moja tu ni lita laki nne mpaka tano za maji, na umeme juu yake, na mwendeshaji wa mashine alikuwa anakisia kwa macho!

Kwa hiyo kupima tunajua. Shida yangu iko kwenye kuonyesha.

Wachoraji wa zamani kina Heinrich Berann wa Austria, na James Niehues wa Marekani aliyechora ramani za maeneo kibao ya skii kwa mkono, walikuwa wanaukunja mlima kabisa, upande wa nyuma wanauzungusha uonekane mbele ili njia zote zikae kwenye karatasi moja. Niehues alikuwa anapanda ndege kupiga picha kwanza ndo anarudi kuchora. Ni uongo, ndiyo, lakini kila mtu anajua ule ni mchoro. Video ya 3D imejengwa juu ya vipimo vya leza, kila jiwe liko mahali pake, na kwa sababu mawe ni ya kweli mtu anaamini na theluji ni ya kweli, wakati hiyo imepakwa tu na mtu wa kompyuta.

Mi ningetaka hiyo video iwe na kitufe cha tarehe. Chukua picha za Landsat za miaka 30 iliyopita, ipake 3D yako theluji iliyokuwepo kweli, nionyeshe mwaka mzuri, wa kawaida, na ule mbaya kuliko yote. Chacaltaya ya Bolivia, iliyokuwa na lifti ya skii juu ya mita 5,000, barafuto yake, yaani ule mto wa barafu wa mlimani, iliisha kabisa 2009, na haikuisha kwa usiku mmoja.

Alafu mnionyeshe na kiangazi. Pale juu mashine zikishachimba na kusawazisha udongo, nyasi zinachukua miaka mingi kurudi, na setilaiti inaona wazi ule mkanda mtupu katikati ya kijani. Watu wa mabondeni wanaishi na huo mkanda mwaka mzima, kompyuta inaweza kupiga hesabu utaonekana kutoka nyumba ipi na barabara ipi, sasa kwa nini kwenye mkutano wanaonyeshwa Januari peke yake?