Nyoka, Chura na Pampu ya Sharp Park

Nyoka mistari wa San Francisco ana kichwa chekundu, mstari mpana wa kijani-njano mgongoni, mistari myekundu na myeusi ubavuni, na tumbo la feruzi. Hana madhara kwa mtu. Nususpishi hii, yaani tawi la spishi moja, huishi karibu yote katika kaunti ya San Mateo, California, na tangu 1967 imo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Ugomvi mkubwa juu yake uko Sharp Park, uwanja wa gofu wa jiji la San Francisco uliofunguliwa 1932 mjini Pacifica, ufukweni kabisa. Watetezi wa nyoka wanataka ufungwe, kinamasi kirudi. Ushahidi wao hauhitaji darubini. Nyoka huyu anaishi kwa vyura, hasa chura mwenye miguu myekundu, ambaye naye analindwa. Mvua za baridi zikijaza bwawa la uwanjani, chura hubandika mayai kwenye mashina ya matete, karibu na uso wa maji. Kisha pampu ya kutoa maji huwashwa ili nyasi za gofu zisifurike. Maji yakishuka, lile bonge la mayai hubaki likining'inia juani mpaka likauke.

Wachezaji nao wana jibu, na si la kupuuza: bwawa lile zamani lilikuwa likiingiliwa na bahari, na ukuta uliojengwa kuuhami uwanja ndio unaozuia chumvi. Chura huyu hazai kwenye maji ya chumvi. Ukivunja kila kitu kwa jina la asili, unaweza kumfukuza mwenyewe unayemtetea. Hapo nawaunga mkono. Lakini ukuta ni kitu kimoja, pampu ni kingine, na wao huvitetea kama pacha.

Mwaka 2011 wanamazingira walikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata shauri lilitupwa, baada ya serikali kuu kuruhusu pampu kwa masharti.

Mimi mfano wangu ni uwanja wa ndege wa San Francisco. Kando yake, katikati ya reli na barabara kuu, kuna kama hekta 70 zilizozungushiwa uzio, ndege zikinguruma juu. Hapo ndipo penye kundi kubwa kuliko yote ya nyoka hawa, zaidi ya elfu moja. Si msitu wa mababu: mabwawa yanatunzwa, na vichaka hupunguzwa kwa mbuzi. Basi hata gofu inaweza kubaki Sharp Park, ilimradi Januari mtu aingie majini na kukagua matete kabla swichi haijabonyezwa. Mashimo mawili matatu ya gofu yakifurika, wachezaji watasubiri.