Hospitali Yetu Inaitwa Russia

Jumamosi iliyopita nilikaa kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, karibu saa nzima nikingoja zamu yangu, na kwa saa hiyo yote gumzo lilikuwa moja tu: Kapteni Ibrahim Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso. Simu ya mwenye kinyozi ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la poda, video moja ikiisha nyingine inaingia yenyewe. Katika mojawapo, sauti iliyotengenezwa na kompyuta ilieleza kwamba Burkina Faso imejenga mji mpya bila mkopo wa hata shilingi moja. Maghorofa ya vioo, barabara pana, mitende kila baada ya hatua chache. Nikasogea karibu. Watu waliokuwa wakitembea chini ya mitende ile hawakuwa na nyuso. Palikuwa na rangi tu mahali pa macho na mdomo. Nikamwonyesha mwenye kinyozi. Akazima mashine, akainama, akatazama kwa makini.

"Ni kweli," akasema. "Lakini kazi anafanya."

Nimetembea na jibu hilo wiki nzima. Mwenye kinyozi si mjinga, na sitamwandika kama mjinga. Ana binti aliyemaliza chuo na bado yuko nyumbani. Anakumbuka jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja siku ile ile ya kutangazwa kwa matokeo ya urais, na sisi huku tukabaki na milio ya risasi bila mtu wa kutueleza kinachoendelea mtaa wa pili. Anakumbuka tarehe 30 Januari 2018, vituo vikubwa vya televisheni vilivyozimwa kwa sababu vilitaka kuonyesha kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, akila kiapo Uhuru Park. Anakumbuka tarehe 25 Juni 2025, amri ilipotolewa kwamba maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, na vituo vikazimwa tena mpaka mahakama ilipoingilia kati. Mtu aliyezimiwa runinga mara tatu, zote chini ya serikali zinazojiita za kidemokrasia, ukimwambia demokrasia na ukweli ni ndugu wa tumbo moja atakutazama tu.

Na vyombo vya habari vya nje navyo havijatusaidia. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, haikuchukua hata siku tatu kabla mwandishi wa CBS, televisheni ya Marekani, kusema hewani kwamba Kyiv si kama Iraq au Afghanistan, kwamba ule ni mji uliostaarabika kidogo. Aliomba radhi, lakini sisi tulikwisha kumsikia. Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023. Sudan iko karibu nasi kuliko Ukraine kwa mbali sana, na wakimbizi wake wameingia mpaka kwa majirani zetu, lakini fungua taarifa ya habari ya dunia uhesabu dakika inazopewa. Wala tusisahau Iraq. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliketi mbele ya Baraza la Usalama akaeleza habari za silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo, na magazeti makubwa ya Marekani yakazibeba habari hizo yakazipeleka nyumba kwa nyumba. New York Times lilikuja kukiri mwezi Mei 2004 kwamba halikuwa makini vya kutosha. Kufikia hapo Baghdad ilikuwa imeanguka mwaka mzima uliopita.

Kwa hiyo mtu anaposema pale kwa kinyozi, "Hawa Wazungu wanatudanganya," mimi sibishi. Wametudanganya. Tunapoachana njia ni pale anapodhani kwamba anayemtukana mwongo basi ni msema kweli.

Nilimuuliza kama alisikia habari za vijiji vya Nondin na Soro. Hakusikia. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Aprili 2024 kwamba wanajeshi wa Burkina Faso waliua raia 223 katika vijiji hivyo viwili kwa siku moja, tarehe 25 Februari, na miongoni mwao watoto wasiopungua 56. BBC na Sauti ya Amerika zilipoitangaza ripoti hiyo, serikali ya Traoré ikazisimamisha hewani. Nikamuuliza kama anamjua Guezouma Sanogo. Hamjui. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari wa nchi ile. Machi 2025 alisema hadharani kwamba uhuru wa kusema unanyongwa, akakamatwa, chama chake kikavunjwa, na baada ya siku chache video ikatokea: yeye na mwenzake Boukari Ouoba wamevaa gwanda za jeshi. Waliachiliwa Julai, baada ya miezi minne.

Hebu uifikirie sawasawa adhabu hiyo. Umesema neno redioni au gazetini, unavishwa gwanda, unapewa bunduki, unaambiwa nenda ukapambane na magaidi. Halafu video ya mji usio na nyuso inamfikia kinyozi wa Kondele, na ya Sanogo haimfikii. Hiyo haikutokea kwa bahati. Mwenye simu haoni kilichotolewa mezani; anaona kilichopakuliwa tu.

Kuna jamaa mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ananyolewa ndevu wakati huo wote bila kusema neno. Akafumbua macho akatupa takwimu: Putin anapendwa na watu wake kwa asilimia zaidi ya 80, rais gani wa Afrika anaipata hiyo? Na ni kweli, kwa kadiri karatasi inavyosema. Kituo cha kura za maoni cha Levada cha Moscow, ambacho si cha serikali, kilipima asilimia 71 Februari 2022, kabla vita havijapamba moto, na asilimia 83 mwezi uliofuata. Lakini katikati ya vipimo hivyo viwili kulipita kitu. Tarehe 4 Machi Putin alitia saini sheria ya kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kueneza kile serikali inachokiita habari za uongo kuhusu jeshi. Kuviita vita kwa jina lake likawa jambo la hatari. Sharti useme "operesheni maalumu ya kijeshi". Redio ya Echo ya Moscow ikafungwa. Novaya Gazeta, ambalo mhariri wake Dmitry Muratov alikuwa ametoka kupokea Nobeli ya Amani miezi michache tu nyuma, likasimamisha uchapishaji. Marina Ovsyannikova, mhariri wa televisheni ya taifa, aliingia studio wakati wa taarifa ya habari akiwa na bango lililowaambia watazamaji kwamba hapa mnadanganywa. Alilazimika kuikimbia nchi, na mwaka 2023 akahukumiwa miaka minane na nusu akiwa hayupo.

Sasa simu inalia nyumbani kwako, usiyemjua anakuuliza, "Je, unaunga mkono anachofanya Rais?" Utamjibu nini, ndugu yangu?

Lakini nisiwe mwongo na mimi. Hofu peke yake haielezi yote. Vita vyenyewe huwapandisha viongozi chati hata pale watu wanaposema watakacho. George W. Bush alipimwa na Gallup, shirika la kura za maoni, akapata asilimia 90 siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na hakuna aliyemshikia Mmarekani bunduki. Watu wakiogopa hujikusanya nyuma ya mwenye rungu, huko kwao na huku kwetu vilevile. Tofauti naiona katika kilichofuata. Kufikia mwaka 2008 Bush huyo huyo alikuwa ameshuka hadi asilimia 25, kwa sababu picha za maiti zilionekana, silaha zikatafutwa zikakosekana, na magazeti yale yale yaliyompigia debe yakaanza, kwa kuchelewa na kwa aibu, kuuliza. Kule ambako wa kuuliza yuko jela au amevishwa gwanda, namba hupanda ikakaa huko huko juu.

Ndiyo maana swali ninalomuuliza kila anayeniletea sifa za jemadari wa nchi ya mbali ni moja, nalo sijali kama jemadari mwenyewe ni rafiki wa Paris au wa Moscow: akiua mtu wake leo asubuhi, ni nani huko atakayeweza kulisema jioni?

Nalisema hili kama mtu wa Kisumu. Sisi hatuhitaji kwenda Ouagadougou kwa Traoré kujifunza. Hospitali yetu kubwa ina jina refu siku hizi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini panda boda ukiwa stendi umwambie mwendeshaji jina hilo lote, atakuuliza, "Unaenda Russia?" Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na Jomo Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969. Yeye na Jaramogi, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, wakatupiana maneno hadharani, umati ukapiga kelele, mawe yakarushwa, na walinzi wa Rais wakafyatua risasi. Hazikuishia pale hospitalini. Zilifuatana na msafara ulipokuwa ukiondoka.

Baba yangu alikuwa darasa la nne, mmoja wa watoto waliopangwa kando ya barabara wampungie Rais mikono. Alilala mtaroni, na msichana asiyemjua akamshika shati mgongoni asimwachie mpaka jioni. Mpaka leo, ukimsalimia kwa nyuma ghafla, mkono wake unakwenda kwenye ukosi. Kijana wa jirani yao hakurudi nyumbani. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo, na siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini, kwa hiyo hakukuwa na wa kuuliza kwa sauti. Nchi nzima ilibaki na hadithi moja. Kwamba Kisumu ni watu wa fujo, kwamba Rais alijilinda. Nimekutana na watu wazima, wasomi, wa mikoa mingine, ambao bado wanaijua hivyo hivyo, na hawana ubaya wowote moyoni, ndivyo walivyosimuliwa. Yule kijana wa jirani hayumo katika hadithi yao. Tulihitaji gazeti moja tu mwaka ule lenye ujasiri wa kuja kuhesabu nyumba kwa nyumba, hata kama lingekuwa la Wazungu, hata kama lingekuwa na upendeleo wake.

Nilimweleza hivyo mwenye kinyozi. Alikuwa ameshaanza kuninyoa, kwa hiyo sikuuona uso wake vizuri. Aliniambia babu yake mzaa mama alipigwa risasi ya mguu siku ile. Akaendelea kunyoa. Video ya Traoré ilikuwa bado inacheza, lakini sauti alikuwa ameipunguza.

Sifa hizi zingekuwa za mdomo tu ningeziacha zipite. Lakini Septemba 2025 polisi waliwakuta vijana zaidi ya 20 katika nyumba ya kukodi Athi River wakingoja kusafirishwa Urusi, na baadaye mwaka huo serikali yetu ikakiri kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wameshaingia katika vita vile vya Ukraine. Wengine waliahidiwa kazi za udereva, ulinzi, viwandani. Ahadi hizo zilipenya kwa wepesi kwa sababu udongo ulikuwa umeshalainishwa. Ukishaona video mia moja zinazokuambia kule ndiko kwa rafiki wa kweli wa Mwafrika, wakala akija na karatasi hutamwuliza maswali mengi.

Jumatatu jioni mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye, tunayesali naye kanisa moja, alinipitia nyumbani. Mwanawe wa pili aliondoka wiki tatu zilizopita kwenda kulinda maghala. Alikuwa amemtumia picha ya mkataba kwa WhatsApp, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mama akanipa simu nisome. Kioo kilikuwa na ufa katikati. Nikaikuza picha kwa vidole viwili: Kirusi kitupu, juu mpaka chini, tarakimu chache, muhuri, na pembeni saini ya kijana kwa herufi zetu, jina kamili, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi.

"Huyu nilimzaa Russia," mama akasema, akionyesha kwa kidevu upande wa hospitali. "Hao si ndio waliotujengea?"

Nikamwambia ndio, mama, ni hao hao.

"Basi nisomee," akasema. "Wameandika nini?"