Udongo wa kihamba ulibebwa kichwani

Desemba iliyopita nilipanda Uru, kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na rafiki yangu mmoja wa Dodoma aliyekuwa hajawahi kufika Uchagani. Alisimama chini ya mfuruanje, mti wetu mrefu wa kivuli, akatazama migomba, kahawa iliyojificha chini yake, magimbi kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, akatikisa kichwa. "Nyie mmebarikiwa bwana. Ardhi yenyewe inajilisha." Mama yangu alikuwa anapita na ndoo ya samadi toka bandani. Alicheka kidogo, hakusema kitu, akaenda kuimwaga kwenye shina la mgomba.

Nimekuwa nikikifikiria kile kicheko.

Kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga lenye miti, migomba na kahawa pamoja, kina sifa duniani na kinastahili. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu hapo hapo Uru, kama urithi wa kilimo wa dunia. Watafiti wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea ndani ya vihamba vya Kilimanjaro, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Ukienda kwenye semina yoyote ya kilimo mseto utaonyeshwa ule mchoro wa ghorofa: juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi na mboga. Kivuli kinatunza unyevu, majani yanayodondoka yanakuwa mboji, mizizi inashika mteremko. Yote kweli. Mvua ipo na udongo wa volkano upo. Ila mchoro huo hauna ng'ombe, na hauna mwanamke mwenye mzigo wa majani kichwani, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Bibi yangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anachukua mundu, kamba na ngata, anashuka na wenzake hadi tambarare. Kule chini familia nyingi zilikuwa na shamba la pili, la mahindi na maharage. Wakikata majani, au wakikusanya mabua baada ya mavuno, wanafunga mzigo, wanaanza kupanda mlima. Kushuka ni mteremko na maneno mengi. Kupanda hakuna anayeongea. Mzigo ule alipewa ng'ombe wa ndani, maana kihamba hakina nafasi ya kuchunga. Ng'ombe alikula, mabaki akayalalia na kuyakanyaga, samadi ikatolewa ikafukiwa kwenye mashina ya migomba. Kesho asubuhi tena.

Piga hesabu ya jambo hilo kwa miaka mia. Rutuba ilikuwa inahama. Nyasi za tambarare zilipandishwa mlimani zikageuka udongo wa Uru, Kibosho, Marangu, Rombo. Ule weusi unaotushangaza tukichimba shimo la mgomba umebebwa kichwani, mzigo kwa mzigo, na wanawake ambao sijawahi kuona taarifa ya mradi ikiwataja. Na shamba la chini? Mabua yote yalipanda, samadi haikushuka. Tukisema siku hizi kwamba kule chini ardhi "imechoka", tuwe wakweli kuhusu nani aliyeichosha. Kihamba kilinenepa kwa sahani ya jirani yake.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Sawa, tuje kwenye ya leo, ambayo kwa maoni yangu ni mabaya zaidi.

Zamani ndizi ililiwa nyumbani. Ganda likaenda kwa ng'ombe, shina la mgomba likakatwakatwa likaenda kwa ng'ombe, ng'ombe akarudisha kwenye mgomba. Mgomba unafyonza potasiamu kwa pupa, na potasiamu hiyo nyingi inakaa kwenye tunda, ganda na shina. Alimradi vyote vilibaki uani, kihamba kilikuwa kinakopa na kulipa mfuko ule ule. Cha kuuza kilikuwa kahawa, na hela ya kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama.

Mwaka 1989 ule mfumo wa kimataifa wa mgao wa kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na mzee mwenye mibuni mia mbili akajikuta hana ada ya shule. Wengine waling'oa mibuni usiku kama wanaoficha msiba. Ndizi ikapanda cheo, ikawa ndiyo zao la hela. Leo mikungu inapakiwa kwenye Fuso jioni, alfajiri iko Dar es Salaam, Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi. Nimewahi kusimama pale nikatazama lile rundo la mabaki linalooza kwenye tope, nzi wamejaa. Ile ni rutuba yetu. Haipandi tena basi kurudi Moshi.

Kwa hiyo kihamba leo kinauza ndizi mbali, na nani aliyebaki kushuka tambarare kukata majani? Bibi hayupo. Mama ana magoti. Mimi niko mjini na simu, natuma hela ya kununulia majani yaletwe kwa pikapu. Kihamba chenyewe kimegawanywa kwa watoto wa kiume mpaka wengine wana eneo la kutosha nyumba, kaburi na migomba ishirini. Ng'ombe watatu wamekuwa mmoja, na kwa majirani wengi banda limekuwa stoo ya tofali.

Halafu kwenye hali hiyo anakuja mtu na miche.

Sina chuki na miche. Lakini kila mwaka naona gari limeshusha miche, picha zimepigwa, idadi imeandikwa, na mara nyingi ni migrivea. Mgrivea ni mti mzuri kwa anayetaka mbao: unanyooka, unakua haraka, haugombani sana na kahawa. Ulitoka Australia ukaletwa huku kutia kivuli kwenye chai na kahawa. Ila si jamii ya mikunde, haunasi naitrojeni ya hewani kurutubisha udongo, na majani yake magumu yanachelewa kuoza. Mfuruanje ni wa jamii ya mikunde. Tunaukata kwa kuwa mbao zake hazina soko zuri. Msesewe, ambao magome yake yaliipa mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake, sasa unautafuta kama unavyotafuta shahidi. Kwenye karatasi, mfuruanje mmoja ukitoka na migrivea mitatu ikiingia, tumeongeza miti miwili. (Hata isale, mmea wa mpakani na wa kuombea msamaha, nimeona umeng'olewa ukawekwa waya. Hilo ni la siku nyingine.)

Ningekuwa na sauti kwenye hizo semina ningeomba waache kwanza kuhesabu miche, wahesabu samadi. Kaya ina ng'ombe? Anakula nini, na nani anayemletea? Mashine ndogo ya kukatakata majani na mabua, inayotumiwa na kaya kumi, pamoja na mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, kwenye kingo za matuta ili yazuie mmomonyoko na kumlisha ng'ombe, vingefanya kazi kubwa kuliko lori la miche. Tangu msimu wa 2022/23 serikali inatoa ruzuku ya mbolea za viwandani, na sipingi, mahindi ya tambarare yanaihitaji. Lakini mzigo wa majani kichwani kwa mama haujawahi kupata ruzuku hata ya ngata.

Na wanaotaka kuupeleka mfumo wa kihamba sehemu nyingine za Afrika, karibuni sana, ila msibebe mchoro wa ghorofa peke yake. Ulizeni kwanza nani atabeba, na yatakatwa kutoka shamba la nani.

Mwaka huu tuliamua kununua samadi kutoka maboma ya Wamasai huko chini. Unaona mzunguko? Nyasi za nyika bado zinapanda mlima, tofauti ni kwamba sasa zinapanda kwa Canter na mimi ndiye ninayelipa. Gari liliposhusha, nikasimama pale nimejaa fahari. Mama akaja, akachota kiganja, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Mchanga mtupu huu," akasema. "Umepigwa, mwanangu."