Duara Zangu za Bikari

Jamani, mtu mzima mwenzenu nimepigwa kosa. Siyo la mahakamani, la daftarini. Kosa jekundu, limeanzia kona hii ya ukurasa mpaka kona ile, mwalimu kalivuta kama anachinja.

Kazi ilikuwa ya Neema, yuko kidato cha tano, anasoma sayansi. Chora atomu ya potasiamu, onyesha elektroni zinavyokaa. Nikamwambia, mwanangu nenda kaoshe vyombo, hilo niachie baba yako. Nikatoa bikari kwenye mkebe, nikachora kiini, nikakizungushia duara 4 safi, nikapanga vidoti: 2, 8, 8, 1. Jumla 19. Sheli nne, na siyo sheli za mafuta. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mwaka 1994, tena kwa fimbo, kwa hiyo nina uhakika.

Daftari limerudi jana.

"Mwalimu kauliza nani kakusaidia," Neema kaniambia huku anaangalia sakafu. "Nikasema mdogo wangu."

Mdogo wake yuko darasa la nne.

Nikauliza kwa upole wa mzazi: kosa liko wapi? Ndipo nikaambiwa elektroni haizungukagi. Kuzunguka kiini kama sayari na jua ni picha ya Niels Bohr, ya mwaka 1913, na ilishapitwa. Mwaka 1926 akaja Erwin Schrödinger na hesabu zake, duara zikafutwa, tukabaki na wingu. Hebu nisaidieni kutoa: 1994 toa 1926. Miaka 68! Miaka 68 watu wanajua, na mimi bado nachapwa kwa kusahau duara ya tatu! Pluto ilipovuliwa usayari mwaka 2006 nilisamehe, nilikuwa nimeshamaliza shule. Hili hapana.

"Sawa, wingu," nikasema. "Humo kwenye wingu elektroni yenyewe iko wapi?"

"Wingu ni uwezekano tu, Baba. Penye wingu zito ukipima utaikuta mara nyingi, penye jepesi mara chache."

"Kumbe ipo mahali, ila hatujui ilipo. Kama fundi bomba wangu."

"Siyo kwamba hatujui ilipo. Hakuna ilipo mpaka uipime."

Nikanyamaza. Fundi bomba wangu tangu Jumatatu yuko Buguruni anakuja. Lakini hata yeye, Mungu amsamehe, ana alipo. Yuko kwake amelala.

Neema akaona sijaelewa, akasema twende uani.

Uani kuna kamba ya kuanikia, huku imefungwa kwenye mwembe, huku kwenye msumari. Neema akaifungua msumarini, nguo zikiwemo, eti dakika moja tu. Akaanza kuitikisa polepole: kamba yote ikapanda ikashuka, tumbo moja. Akaongeza kasi: matumbo mawili, na katikati pametulia tuli, pale penye soksi yangu. Huku shati langu la kazini linarukaruka, kule shuka la mama yake linarukaruka, soksi imekaa kama mgeni rasmi.

"Unaona? Tumbo moja, mawili, matatu. Moja na nusu halikubali. Elektroni nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana nishati yake ina ngazi, na kati ya ngazi na ngazi hakuna pa kusimama."

Nikatafuta pa kumbana. Kitabu chake kina wingu lenye umbo la maputo mawili yaliyofungwa shingo kwa shingo, na pale shingoni panasemekana elektroni huikuti kabisa. Nikamuuliza, sasa inatokaje puto hili kwenda lile bila kupita shingoni?

Akanionyesha soksi. "Kamba inavukaje hapo? Haivuki, Baba. Ipo pande zote mbili kwa pamoja. Ni wimbi."

Nakuambieni nilielewa. Nilielewa mpaka mwili ukasisimka, nikamnyang'anya kamba nijaribu matumbo matatu. Sasa matumbo matatu yanataka mkono. Shuka likachomoka, likapaa juu ya karo, likaenda kutua kwenye tope pale bomba linapovuja. Mzee mwenye nyumba akafungua dirisha.

"Baba Neema, mnafukuza popo?"

"Hapana mzee, tunasoma."

"Na kodi ya mwezi huu nayo uisome."

Mama Neema hakusema kitu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaangalia shuka, akaniangalia mimi, akaangalia tena shuka.

Usiku nimelalia godoro tupu nikimuwaza Wolfgang Pauli, maana Neema hakuniacha bila kunimalizia. Huyu mwaka 1925 alitangaza kwamba kila wingu moja linabeba elektroni 2 basi, na hizo 2 lazima spini zao, tabia ya elektroni yenye pande mbili tu, juu au chini, zipishane. Ya tatu ikija, haibembelezwi, inakwenda ngazi ya juu. Asubuhi kwenye daladala siti ya wawili tumekaa watatu, wa nne kanipakatisha beseni la dagaa, na konda bado anasema nyuma kweupe. Kweupe wapi wewe! Mimi goti langu sijalisikia tangu Tazara!

Jioni nikatumwa sabuni. Elektroni ukiiletea mwanga usiolingana sawasawa na ngazi inayoitaka, haichukui nusu ikakurudishia nusu, inauacha upite zake. Mangi yeye kachukua elfu mbili yangu yote, kaangalia droo, kasema chenji hana, kanisogezea pipi nne za ndimu. Nikamuuliza, kesho nikija na pipi hizi nne, utanipa kiberiti?

"Pipi siyo hela, mzee."

"Leo ni nini?"

"Leo ni chenji."