Moyo Ukishasimama Uwanjani, Nani Aseme Mchezaji Arudi?

Tarehe 16 Juni 2024, dakika ya 17, Christian Eriksen alifumania nyavu za Slovenia katika michuano ya Ulaya. Zilikuwa zimepita siku 1,100 tangu moyo wake usimame uwanjani Copenhagen, katika mechi ya Denmark na Finland ya 12 Juni 2021, wenzake wakamzunguka huku wamempa mgongo ili kamera zisimfikie. Waliomlilia siku ile walilia tena siku ya bao, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Miezi saba kabla ya bao hilo, 11 Novemba 2023, Raphael Dwamena wa Ghana alianguka katika mechi ya ligi ya Albania akiichezea Egnatia, akafariki akiwa na miaka 28. Maradhi yake ya moyo hayakuwa siri. Ndiyo yaliyovunja uhamisho wake kwenda Brighton mwaka 2017. Mwaka 2020, akiwa Hispania, alipandikizwa kifuani kifaa cha kushtua moyo, kama alichonacho Eriksen leo. Mwaka 2021, safari hii akiwa Austria, alianguka tena uwanjani na kifaa kikamwokoa. Baadaye aliamua kitolewe mwilini, akaendelea kucheza.

Wanaosema "waacheni warudi" humtaja Eriksen. Wanaosema "wapigwe marufuku" humtaja Dwamena. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinaruka swali lililopaswa kutangulia: moyo huo ulisimama kwa sababu gani?

Maana "moyo kusimama" ni jina la tukio, na nyuma ya tukio hilo kuna magonjwa mengi yasiyofanana. Damar Hamlin wa Buffalo Bills alianguka 2 Januari 2023 mara tu baada ya kugongwa kifuani katika mechi ya futiboli ya Kimarekani. Moyo wake haukuwa mgonjwa. Pigo la kifua likitua katika sehemu ndogo mno ya sekunde, wakati moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata, linaweza kuuvuruga hata moyo mzima usio na kasoro. Madaktari walipojiridhisha kwamba hakuna maradhi mengine, wakamruhusu mwezi Aprili mwaka ule ule, na msimu ulipoanza akarudi uwanjani. Kwa mtu kama huyu, kumzuia kungekuwa kumwadhibu kwa bahati mbaya.

Marc-Vivien Foé ni habari nyingine kabisa. Kiungo huyo wa Cameroon alifariki Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, na uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Huo ni ugonjwa wa kurithi, na mazoezi makali yanaweza kuuchokoza. Kuna pia kuvimba kwa misuli ya moyo, ambako mara nyingi huletwa na virusi: mgonjwa hupumzishwa kwa miezi kadhaa, hupimwa upya, na wengi hurudi. Na kuna kasoro inayotengenezeka kwa upasuaji. Nwankwo Kanu aligundulika na hitilafu ya vali, yaani mlango wa kupitishia damu moyoni, mwaka 1996, muda mfupi baada ya kuiongoza Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Akapasuliwa Marekani, akarudi mwaka uliofuata, na akacheza katika ngazi ya juu kwa zaidi ya miaka kumi, ikiwemo miaka yake ya Arsenal. Baadaye alianzisha taasisi inayowagharamia watoto wenye maradhi ya moyo. Angezuiwa milele kwa sababu tu neno "moyo" linatisha, tungepoteza yote hayo.

Upande wa wanaotaka wachezaji waruhusiwe una hoja nzito kuliko huruma. Kifaa ninachokizungumzia hukaa chini ya ngozi, kikifuatilia kila pigo, na moyo ukiingia katika mapigo ya kifo hupiga shoti chenyewe bila kungoja mtu. Mwaka 2009 beki wa Ubelgiji, Anthony Van Loo, alidondoka uwanjani kama mzigo. Sekunde chache baadaye mwili ukaruka kwa shoti, naye akaketi akishangaa. Kwa miaka mingi madaktari walishauri kwamba mwenye kifaa hiki asishiriki mchezo mkali kuliko gofu au mfano wake. Ushauri huo ulitokana na hofu, kwani takwimu hazikuwepo. Kisha mwaka 2013 ukatoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wanamichezo 372 wenye vifaa hivyo ambao walikuwa wameamua kuendelea kushindana. Hakuna aliyekufa mchezoni, wala hakuna ambaye kifaa kilishindwa kumrudisha. Kiasi cha mmoja kati ya kila kumi walipigwa shoti wakiwa mazoezini au mashindanoni. Miongozo ilianza kulegea baada ya hapo, Marekani mwaka 2015 na Ulaya mwaka 2020, na leo msisitizo ni kwamba daktari na mchezaji wapime hatari pamoja na kuamua pamoja.

Nauamini utafiti huo, ila nasikitika unavyotumika. Wengi wa wale 372 hawakuwa wachezaji wa kulipwa wa michezo ya kugongana. Isitoshe, shoti huokoa uhai lakini haizuii ugonjwa kuendelea kuula moyo. Aliyewahi kupigwa nayo akiwa na fahamu atakwambia ni kama teke la punda kifuani, na wapo wanaoishi na woga wa shoti ijayo. Nyaya zinazounganisha kifaa na moyo nazo huchakaa, tena kwa mtu anayegombania mipira ya vichwa kila wiki. Agosti 2020 kifaa cha Daley Blind, beki wa Uholanzi, kilipiga shoti katikati ya mechi ya kirafiki ya Ajax. Alinusurika, na miaka miwili baadaye akacheza Kombe la Dunia. Habari hiyo kila mmoja anaisoma kwa upande anaoutaka.

Italia ilichagua njia ngumu. Tangu mwaka 1982 sheria inamtaka kila mwanamichezo wa mashindano apimwe, ikiwemo kipimo cha umeme wa moyo, na asipopata cheti hachezi. Katika mkoa wa Veneto, watafiti walionyesha kwamba vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa asilimia 89 katika miaka iliyofuata. Hayo ni maisha ya watu, na yeyote anayeita mfumo huo ukatili anapaswa kwanza kuijibu takwimu hiyo. Daktari anayetia saini cheti pale anajua anaweza kujibu mahakamani, kwa hiyo hasaini kwa kubembelezwa na kocha. Hata hivyo vifo havikuisha: Davide Astori, nahodha wa Fiorentina, alikutwa amefariki hotelini Machi 2018.

Lakini angalia kinachofuata. Eriksen, akiwa na kifaa chake, hakuruhusiwa kuichezea Inter, klabu yake ya Italia. Desemba 2021 mkataba ukavunjwa kwa makubaliano, Januari akasaini Brentford, na mwisho wa Februari alikuwa uwanjani Uingereza. Moyo wake haukubadilika alipovuka mpaka. Kilichobadilika ni sheria. Marufuku ya nchi moja haimstaafishi mchezaji mwenye jina, inamhamisha. Eriksen bahati yake ni kwamba alihamia ligi yenye madaktari na mashine kila kona. Mchezaji asiye na jina kama lake, kila mlango mkubwa unapofungwa mbele yake, hushuka ngazi, na kila anaposhuka macho ya kumwangalia hupungua. Ipitie safari ya Dwamena uone: Hispania, Denmark, Austria, Albania. Ndiyo maana siiungi mkono marufuku ya jumla, ingawa naielewa vizuri.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, yaani uhuru wa mchezaji mwenyewe. Mtu mzima ana haki ya kukataa kifaa mwilini mwake. Haki hiyo siigusi, hata kwa Dwamena. Lakini haki ya kukitoa kifaa haizai haki ya kusajiliwa na kupangwa kwenye kikosi bila kifaa hicho. Usajili ni uamuzi wa watu wengi: klabu, daktari wa klabu, shirikisho linalotoa leseni. Kila mmoja anapojificha nyuma ya maneno "ni uamuzi wake mwenyewe", anamwachia mgonjwa mzigo wa kujikataza kitu anachokipenda kuliko vyote na kinachomlisha. Huwezi kumtegemea mtu aliye katika hali hiyo awe ndiye breki ya mwisho. Ningependa sheria imtake daktari bingwa wa moyo asiyelipwa na klabu wala na wakala, mwenye ripoti zote mbele yake, ndiye aseme ndiyo au hapana. Na pale chanzo cha moyo kusimama hakijapatikana, jibu liwe hapana mpaka kipatikane au mpaka kifaa kiwe ndani.

Tena kuna wanaobeba gharama bila kuulizwa. Mechi ile ya Copenhagen ilimaliziwa usiku ule ule. Wachezaji wa Denmark walirudi uwanjani muda usiofika saa mbili baada ya kumwona rafiki yao akisukumwa kifua, wakafungwa bao moja kwa sifuri. Tom Lockyer, nahodha wa Luton, alianguka Wembley Mei 2023, akafanyiwa matibabu, akaruhusiwa. Desemba mwaka huo huo moyo wake ukasimama kwa dakika 2 na sekunde 40 mbele ya wenzake walewale, mechi na Bournemouth ikavunjwa. Aliokolewa kwa sababu waliomfikia walikuwa na mashine ya kushtua moyo karibu. Kila dakika inayopita bila shoti hupunguza nafasi ya kuishi kwa kati ya asilimia 7 na 10. Lockyer alipandikizwa kifaa, na mwaka 2025 akasajiliwa na Bristol Rovers. Namtakia kila la heri kwa moyo wote, na bado kila atakaporuka kupiga kichwa nitashika pumzi.

Kinachonisumbua ni namna tunavyosimulia. Anayerudi tunamwita shujaa. Sergio Agüero alipotundika daluga Desemba 2021 kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo sawa, tulizungumza kama vile tuko msibani. Kijana wa miaka 22 aliyetoka kupewa majibu mabaya anatusikia, na anajifunza ni upande upi unaopigiwa makofi.

Reggie Lewis, nahodha wa Boston Celtics, alidondoka katika mechi ya kikapu mwezi Aprili 1993. Jopo la madaktari bingwa likamwambia ana ugonjwa wa misuli ya moyo unaoweza kumuua. Akatafuta maoni mengine, akapata daktari aliyemwambia tatizo ni dogo na anaweza kurudi kucheza. Tarehe 27 Julai akaanguka akifanya mazoezi mepesi ya kurusha mpira, akafariki. Alikuwa na miaka 27.

Fabrice Muamba, kiungo wa Bolton mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe baada ya kuanguka katika uwanja wa Tottenham tarehe 17 Machi 2012. Alitamani kurudi, na alilisema hilo wazi. Agosti mwaka ule naye akasafiri kutafuta maoni mengine, kwa bingwa wa moyo Ubelgiji. Jibu alilopewa halikuwa alilolifuata. Alilikubali, akastaafu akiwa na miaka 24.