Fuso la misaada kwenda Kasulu

Kila habari za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, zinapovuma, Dar es Salaam huitika kwa namna ile ile. Tangazo linasomwa msikitini au kanisani, picha za watoto zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na baada ya muda kona ya ukumbi imejaa viroba vya nguo, biskuti na makopo ya maziwa. Kisha linaanza swali la nani ana fuso.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja, na si ya kubeza. Mtu wa Mbagala aliyekwisha kuchangishwa mara nyingi bila kuona risiti ana haki ya kusema bora atoe blanketi. Angalau blanketi haligeuki posho ya semina. Na kwa mwenye kipato kidogo, nguo iliyombana mwanawe ndiyo alichonacho. Ukidai fedha tu, umemtoa kwenye sadaka.

Ila Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo na kupokea Warundi wengi kuanzia 2015, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Maharage ya Kigoma tunayala sisi mjini. Tuyanunue Kariakoo, tuyalipie dizeli, tuyarudishe kwao?

Maziwa ya kopo ndiyo yanayonitisha. Mama anayenyonyesha akipewa kopo, mtoto huanza kunyonya kidogo na maziwa ya mama hupungua. Kopo likiisha, la pili halipo. Hapo katikati kuna chupa inayosuuzwa kwa maji ya ndoo, kuni za kuchemshia ambazo ni shida kupatikana, na maziwa yanayozimuliwa ili yafike mwisho wa wiki. Mtoto wa miezi minne akianza kuharisha katika hali hiyo, maisha yake yako hatarini. Ndiyo maana WHO na UNICEF wanapinga kugawa hovyo maziwa ya namna hii. Mwenye utapiamlo mkali, akishatimiza miezi sita, hupimwa mzunguko wa mkono kliniki na kupewa chakula dawa: pakiti ya gramu 92 ya karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini, yenye kilokalori 500, inayoliwa bila kuongezwa maji. Hiyo haiuzwi Kariakoo.

Vitabu navyo vina kasoro yake. Watoto wa kambini husoma mtaala wa nchi walikotoka, Kongo au Burundi, na Kifaransa kina nafasi kubwa humo. Kitabu cha darasa la nne la Tanzania kitawafaa kidogo sana. Daftari na kalamu, sawa.

Basi tutume fedha? Hapa upande wa pili nao hujikwaa. Mwishoni mwa 2016 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilianza kuwapa baadhi ya familia za Nyarugusu fedha badala ya chakula, wakawa wanajinunulia wenyewe. Mwaka 2017 serikali ikausitisha mpango huo, na baadaye masoko ya kambini nayo yakabanwa. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Ukimpa noti, akanunue wapi? Wanaosema fedha ndiyo heshima ya mhitaji wako sahihi mahali penye soko. Na njaa haisubiri mjadala: mwaka 2023 mgao wa chakula ulishuka hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa.

Mimi naona fedha zichangwe hapa, zigeuzwe vitu kulekule Kasulu, kupitia shirika ambalo tayari lina kibali cha kufanya kazi kambini na ambalo limetoa orodha ya vitu vinavyohitajika kabla hatujachanga. Risiti za maduka ya Kasulu zirushwe kwenye makundi yale yale zilikopita picha za watoto. (Picha zenyewe, kusema kweli, zingebaki kwenye simu za waliozipiga.)

Nguo zilizokwisha kukusanywa ziuzwe kwenye soko la mitumba la Karume na fedha zifuate njia hiyo. Watoaji watanung'unika, na watakuwa na haki kama hawakuambiwa mapema. Tangazo lijalo liseme hivyo tangu mwanzo, na liseme pia kwamba maziwa ya kopo hayapokelewi.